Kumtunza Mzee Msimu wa Joto Kali: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwulize mama wa miaka 80, saa saba mchana jua likiwa utosini, kama ana kiu. Atakwambia hana, na wala hakudanganyi. Umri ukisonga, hisia ya kiu hufifia, kiasi kwamba mwili unaweza kuwa umeishiwa maji na mwenyewe asisikie chochote. Jasho nalo huchelewa kutoka na hutoka kidogo. Moyo, ambao wakati wa joto hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe, hauna tena nguvu za ujana, na figo haziwezi kubana maji kama zamani.

Kwa hiyo ukingoja mzee akwambie kwamba amezidiwa na joto, utachelewa. Mzee hulindwa kwa kuangaliwa, kuguswa na kupewa maji kwa saa, awe ameomba au hajaomba. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo.

Tusilichukulie joto kama kero ya kupita tu. Agosti 2003, wimbi la joto lililopiga Ulaya liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa peke yake, wengi wao wazee. Miaka minane kabla yake, Julai 1995, zaidi ya watu 700 walikufa mjini Chicago katika siku chache za joto. Kote huko walioumia zaidi ni wazee waliokuwa wakiishi peke yao, wasio na mtu wa kuwagongea mlango.

Hatua ya 1: Pitia dawa zake kabla joto halijaanza

Naanza na dawa kwa sababu ndipo familia nyingi hujisahau. Mzee anameza vidonge vilevile mwaka mzima, kila mtu ameshavizoea, kumbe msimu wa joto baadhi yake hufanya kazi tofauti mwilini.

Kusanya dawa zote anazotumia, pamoja na zile za kununua bila cheti, uende nazo kwa daktari au mfamasia. Uliza hasa kuhusu hizi:

- Dawa za kupunguza maji mwilini, zile zinazomfanya akojoe mara kwa mara, kama furosemide. Zikijumlishwa na jasho, maji na chumvi huisha haraka.
- Dawa za presha na za moyo. Joto lenyewe hutanua mishipa na kushusha presha. Mzee aliyekuwa sawa kwa kipimo kile kile anaweza kuanza kupata kizunguzungu na kuanguka.
- Dawa za magonjwa ya akili, baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, za kuzuia mkojo kutoka ovyo, na zile za mzio zinazoleta usingizi. Nyingi kati ya hizi hupunguza jasho au huvuruga uwezo wa mwili kujipoza.
- Lithium, kwa anayeitumia. Maji yakipungua mwilini, dawa hii hujikusanya kwenye damu hadi kuwa sumu.
- Plasta ya dawa ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi, kama ya fentanyl. Ngozi ikipata moto, dawa huingia mwilini kwa wingi kuliko ilivyopangwa.

Usipunguze wala kusimamisha dawa yoyote kwa uamuzi wako. Dawa ya moyo iliyokatwa ghafla inaweza kuua kabla joto halijaua. Unachotaka kutoka kwa daktari ni majibu mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi: anywe maji kiasi gani kwa siku, na dalili gani zikionekana umpigie simu.

Jibu la kwanza lina uzito wa pekee kwa mzee mwenye moyo uliochoka au figo mbovu, ambaye huenda tayari ameambiwa asizidishe maji. Kwa huyo, ushauri wa "mpe maji mengi" unaweza kumjaza maji mapafuni. Mpime uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, kwa mizani ile ile. Kilo moja ikipungua kwa siku moja au mbili ni kama lita moja ya maji imetoka, na ikiongezeka ghafla maji yanajikusanya. Mizani ya bafuni itakwambia mengi ambayo yeye mwenyewe hawezi kukwambia.

Angalia pia dawa zinakaa wapi. Nyingi zinatakiwa zisipate joto la kupita nyuzi 25 au 30, kama pakiti inavyoeleza. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Vijiti vya kupimia sukari navyo huharibika vikiachwa kwenye joto na kutoa majibu ya uongo.

Hatua ya 2: Tengeneza chumba kimoja kilicho poa

Huna haja ya kupoza nyumba nzima. Chagua chumba kimoja kisichopigwa na jua la alasiri, kisicho moja kwa moja chini ya paa ikiwezekana, na kilicho karibu na choo. Hamishia hapo kitanda au kiti chake kwa msimu huo. Wazee wengi hawapendi kuhamishwa, kwa hiyo hama na vitu vyake vya karibu pia: redio, picha, mto wake, saa ya ukutani.

Tundika kipimajoto cha chumba, usitegemee ngozi yako. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha mtu aliyevuka miaka 60 kisizidi nyuzi 32 mchana na nyuzi 24 usiku. Usiku una maana kubwa, kwa kuwa mwili unaoshinda ukipambana na joto unahitaji saa kadhaa za kupumzika. Asipozipata, uchovu wa jana huongezeka juu ya wa leo, na siku ya tatu mzee anaweza kuanguka hata kama joto halikupanda.

Madirisha yana kanuni moja: fungua pale tu nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani. Hiyo maana yake ni usiku na alfajiri. Jua likipanda, funga madirisha na mapazia ya upande linakopiga. Kivuli kilicho nje ya dirisha, iwe ni turubai, mkeka au mti, huzuia joto vizuri kuliko pazia la ndani, kwa sababu jua linazuiwa kabla halijagusa kioo.

Feni inasaidia, lakini ina mwisho wake. Hewa ikifika nyuzi 40, feni inampulizia mzee hewa yenye moto kuliko mwili wake, hivyo inamwongezea joto. Na kwa kuwa mzee hatoki jasho la kutosha, hata chini ya hapo feni peke yake haimfai sana. Ngozi inahitaji maji ya kukauka juu yake. Mpulizie maji mikononi, shingoni na miguuni kwa chupa ya kunyunyizia, au mwekee kitambaa kilicholowa, ndipo uwashe feni.

Kama kuna kiyoyozi, si lazima kifanye chumba kuwa jokofu. Kiweke nyuzi 27 na uwashe feni pamoja nacho. Mwili utahisi ubaridi wa kama nyuzi 4 zaidi. Wazee husikia baridi haraka, na wengi huzima kiyoyozi mara tu unapowapa kisogo. Elekeza upepo pembeni usimpige usoni, na akitaka shuka jepesi magotini mpe. Bora shuka magotini na kiyoyozi kikiwaka kuliko kubishana naye hadi akizime kabisa.

Hatua ya 3: Maji kwa saa

Kwa mzee ambaye hakuwekewa kikomo na daktari, lengo la kawaida la vinywaji ni lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, na siku ya joto kali aongeze kidogo. Chai, kahawa, maziwa, supu na juisi vyote vinahesabika. Usihangaike kumlazimisha maji matupu kama yeye ni mtu wa chai.

Namba hizo zikitajwa mbele ya mzee humtisha. Akiona jagi zima mezani ataona ameadhibiwa. Gawanya: kikombe akiamka, kimoja na kila mlo, kimoja katikati ya asubuhi, kimoja katikati ya alasiri, na glasi nzima pale anapomeza dawa badala ya ile funda moja ya kusukumia kidonge.

Hebu tukitazame kikombe chenyewe. Mkono unaotetemeka huogopa glasi iliyojaa hadi ukingoni, kwa kuwa mwenye mkono anajua atamwaga na ataona haya. Atasema hataki. Mpe kikombe chepesi chenye mkono mpana wa kushikia, kijaze nusu, kiweke upande wa mkono wake wenye nguvu, mahali anapokiona bila kugeuka. Kikiisha, jaza nusu nyingine. Mara nyingi mtu aliyekuwa "hapendi maji" anaanza kunywa siku hiyo hiyo.

Sababu nyingine inayowafanya wazee wasinywe ni choo, na hawataisema. Mama anayeogopa kujikojolea, au anayeona tabu kuamka usiku na kumwamsha mtu, hupunguza maji kwa makusudi. Hapo maneno ya "kunywa mama, kunywa" hayasaidii kitu. Mwondolee kinachomtisha: njia ya chooni iwe na mwanga na isiwe na mazulia ya kumkwaza, pawe na kishikio ukutani, kuwe na ndoo au kiti cha haja karibu na kitanda usiku. Sehemu kubwa ya maji iishe kabla ya jioni. Kama anatumia dawa za kukojoza, uliza kama anaweza kuzimeza asubuhi.

Unapompa, kaa naye. Mzee haamrishwi. "Baba, nimeleta chai, nimeona tunywe pamoja" humfikisha mbali kuliko kumsimamia kichwani na kikombe. Matunda yenye maji mengi kama tikiti na machungwa yanasaidia sana wale waliochoka na vikombe, ingawa mwenye kisukari lazima yapimwe.

Mambo matatu ya tahadhari. ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, ni ya anayeharisha, anayetapika au aliyetoka jasho jingi. Haifai kuwa kinywaji cha kila siku, hasa kwa mwenye presha, kwa sababu ya chumvi yake. Pili, mzee anayekunywa maji mengi matupu huku hali chochote anaweza kuishiwa chumvi kwenye damu, na dalili yake ni kuchanganyikiwa, kwa hiyo chakula kisikatike. Tatu, anayepaliwa akinywa, kwa mfano baada ya kiharusi, akae wima kabisa na anywe kidogo kidogo kama alivyoelekezwa na wataalamu wake.

Hatua ya 4: Badilisha saa za siku

Matembezi, kliniki, ibada na ziara vihamie asubuhi mapema au baada ya jua kushuka. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri abaki ndani. Chakula kiwe kidogo kidogo mara nyingi, na jiko lisiwake muda mrefu karibu na chumba chake. Nguo ziwe za pamba, pana, zenye rangi nyepesi. Aoge maji ya uvuguvugu au ya baridi ya wastani. Ya barafu humshtua.

Akiwa na kiti cha magurudumu au mkongojo wa chuma, usiuache juani. Chuma kilichopigwa na jua kinaunguza, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asitembee pekupeku kwenye sakafu iliyochomwa na jua, kwani ataungua bila kujua. Na kamwe usimwache kwenye gari lililoegeshwa, hata kwa dakika chache, hata vioo vikiwa wazi kidogo.

Hatua ya 5: Mkague asubuhi na jioni

Ukaguzi huu hauchukui hata dakika tano, nao unaweza kufanyika katikati ya mazungumzo bila mzee kujihisi yuko hospitalini.

Mshike mgongo au kifua kwa nyuma ya mkono wako: kuna moto usio wa kawaida? Mwombe akuonyeshe ulimi. Ulimi mkavu wenye mipasuko, na kwapa lililo kavu kabisa siku ya joto, ni dalili za kuishiwa maji. Ile njia ya kufinya ngozi ya mkono na kuangalia kama inarudi haina maana kwa mzee, kwa kuwa ngozi yake imelegea kwa umri. Uliza au angalia mkojo: mara ya mwisho ilikuwa lini, na rangi ikoje? Njano iliyokolea maana yake anywe. Lakini figo za uzee hudanganya, kwa hiyo mkojo mweupe usikutoe wasiwasi ukiona dalili nyingine.

Kisha msikilize. Kwa uzoefu wa wengi wanaouguza wazee, dalili ya kwanza huonekana katika usemi kabla ya ngozi: anarudia swali, anachanganya majina ya wanawe, amekuwa mkali bila sababu, au amenyamaza mno na kusinzia. Watu husema "ni uzee tu". Uzee haumbadilishi mtu kati ya asubuhi na jioni. Mabadiliko ya ghafla ya akili siku ya joto ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Inaweza kuwa maji, chumvi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), sukari au joto lenyewe.

Mwangalie pia anavyosimama. Kabla ya kuinuka kitandani akae ukingoni kidogo, achezeshe miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Kizunguzungu kila anaposimama ni habari ya kumpelekea daktari.

Hatua ya 6: Asiyetoka kitandani, na mwenye ugonjwa wa kusahau

Mgonjwa wa kitandani hawezi kukimbia joto, kwa hiyo joto lazima liondolewe kwake. Mgeuze walau kila baada ya saa mbili. Jasho likikaa kati ya ngozi na shuka hulainisha ngozi, na vidonda vya kulalia huanza haraka kuliko msimu wa baridi. Kausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua, hasa chini ya matiti, mapajani na kwenye mikunjo ya tumbo. Kama amelalia plastiki ya kukinga godoro, iwekee shuka nene la pamba juu yake. Nepi zibadilishwe mapema, na kila unapomgeuza mpe maji kidogo.

Mwenye ugonjwa wa kusahau ana changamoto zake. Anaweza kuvaa sweta mbili saa nane mchana, kufunga madirisha uliyofungua, au kusahau kwamba kikombe kilicho mbele yake ni cha kunywa. Ondoa nguo nzito kabatini kwa msimu huo badala ya kubishana naye. Kikombe kiwe na rangi inayoonekana, na unywe wewe kwanza mbele yake; wengi huiga. Akiwa na tabia ya kutoka na kuzurura, saa za jua kali ndizo za kumwangalia zaidi.

Hatua ya 7: Anayeishi mbali au peke yake

Piga simu mara mbili kwa siku wakati joto limepanda, na usiulize "hujambo?" kisha ukakata. Kila mzee hajambo. Uliza maswali yanayotaka jibu la kuonekana: Mama, asubuhi umekunywa nini? Sasa hivi umekaa chumba gani? Feni inazunguka? Umekula nini mchana? Sikiliza jibu na pia namna linavyotoka, kama anavuta maneno au anajikanganya.

Tafuta jirani mmoja anayeaminika, awe na ufunguo na namba yako, na mkubaliane wazi: nisipompata kwa simu mbili mfululizo, nenda ukamwone. Andika kwa herufi kubwa karatasi yenye namba ya dharura, namba zenu, magonjwa yake na dawa zake, ibandikwe mlangoni au kwenye friji. Fikirieni mapema umeme ukikatika atapelekwa wapi, hasa kama anatumia mashine ya oksijeni au ana dawa za friji.

Hatua ya 8: Akizidiwa

Kuna hali mbili, na ni lazima uzitofautishe.

Uchovu wa joto: amechoka mno, ana kizunguzungu, kichwa kinauma, kichefuchefu, misuli inabana, ngozi ina jasho na imepauka, lakini akili yake iko sawa. Mhamishe mahali poa, mlaze uinue miguu yake kidogo, mlegeze nguo, mlowanishe ngozi na umpepee, mpe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya dakika 30, ni dharura.

Kiharusi cha joto: mwili umefika nyuzi 40 au zaidi na akili imevurugika. Anaongea ovyo, hasimami sawasawa, ana degedege au amezimia. Ngozi inaweza kuwa kavu, lakini jasho likiwepo lisikudanganye. Huna kipimajoto? Usipoteze muda kukitafuta. Mzee aliyechanganyikiwa kwenye joto mtibu kama aliyepatwa na kiharusi cha joto.

1. Piga simu ya dharura au anzeni safari ya hospitali. Mmoja apige, mwingine aanze kupoza.
2. Mtoe kwenye joto, mvue nguo za juu.
3. Mmwagie au umpanguse maji ya baridi mwili mzima huku mkimpepea bila kuacha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu.
4. Kama hana fahamu timamu, asipewe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu ili asipaliwe.
5. Usimpe paracetamol wala aspirini. Hii si homa ya ugonjwa, na dawa hizo haziwezi kuishusha.
6. Endeleeni kumpoza hata mkiwa njiani, mpaka apokelewe.

Mkifika, taja mapema dawa anazotumia na saa mliyomwona akiwa sawa mara ya mwisho.

Joto likishapungua

Usilegeze siku hiyo hiyo. Kuta hubaki na moto, na mwili wa mzee huchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo endelea na vikombe na ukaguzi kwa siku 3 au 4 zaidi. Kama daktari alipunguza dawa ya presha au ya kukojoza kwa ajili ya joto, rudini kwake mara hewa inapopoa ili kipimo kiangaliwe upya, kwa kuwa presha iliyoshuka kwa sababu ya joto hupanda tena msimu ukibadilika.